Kelele Ile Ilikuwa na Neno

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo. Ni ile ngurumo isikikayo katika spika za watu wanaosikiliza muziki nyumbani kwa njia ya intaneti. Najua msomaji aweza kuuliza, "Ngurumo ya spika yatuhusu nini sisi wanafunzi, na mitihani i mlangoni?" Namwomba avumilie kidogo, kwani nami nalidhani ni jambo la mchezo mpaka nilipoona kwa macho yangu kwamba lilikaribia kuleta msiba katika nyumba ya mtu anilipiaye karo.

Maoni yangu kwa kifupi ni haya. Kwanza, kelele hiyo aghalabu haitokani na mtandao wenyewe, bali na namna umeme ulivyofungwa nyumbani, na hasa waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi. Pili, ni kosa kununua vifaa vya fedha nyingi kabla ya kupima. Tatu, kelele si kitu cha kunyamazishwa upesi upesi bila kuulizwa inatoka wapi. Wahenga walisema mwenye kelele hana neno; lakini kelele nitakayoisimulia ilikuwa na neno, tena neno zito.

Mjomba wangu alisoma katika shule hii hii, na sasa anakaa Jinja, si mbali na lile bwawa la maporomoko ya Owen lililofunguliwa mwaka 1954, ambalo leo laitwa Nalubaale. Ni mpenzi mkubwa wa magita ya Kongo. Zamani alikuwa na santuri, kisha kaseti, kisha diski. Na sasa amenunua kifaa kidogo kama sanduku la sabuni, kinachovuta nyimbo kutoka intaneti na kuzipeleka katika amplifaya yake kubwa ya chuma. Kifaa hicho nitakiita kipokezi. Kimeungwa kwa waya wa mtandao mpaka chumba cha pili, kwenye rauta na kompyuta ya kazi zake.

Likizo iliyopita nalimkuta hana raha. Kila wimbo ulipotulia, au muziki ulipokwisha, ulisikika mvumo mwembamba kama nyuki ndani ya chupa. Fundi mmoja alikwisha kuitwa zamani, wakati ngurumo ilipokuwa nene zaidi. Akashughulika nusu saa nyuma ya kabati, ngurumo ikapungua, akalipwa, akaenda zake. Huu mvumo ndio uliobaki. Mjomba akauliza kwa mwenye duka la vifaa vya muziki, naye akamweleza kwamba mtandao una takataka za umeme, na takataka hizo husafiri pamoja na muziki katika waya. Dawa yake, alisema, ni waya maalumu wa mtandao na swichi maalumu ya mtandao iliyotengenezwa kwa ajili ya muziki tu. Bei ya vitu hivyo viwili ilizidi karo yangu ya muhula mmoja. Kwa kuwa Mjomba ni mtu wa kuaminika, alikopeshwa waya ule siku 7 aujaribu kwanza.

Nalikuwapo siku ulipofungwa. Ulikuwa mnene kama kidole, umesokotwa nyuzi za rangi mbili, unapendeza kweli. Mjomba akaufunga, akawasha, akapandisha sauti bila ya wimbo. Kimya! Mvumo wote umekwisha. Akanigeukia akicheka, akasema, "Umeona, mpwa wangu? Ninyi wa Fizikia mwabisha tu." Nami sikuwa na la kujibu, maana masikio yangu yalisikia alivyosikia yeye.

Kesho yake asubuhi shangazi alikuwa akipiga deki sebuleni. Mtoto wao mdogo, wa miaka mitano, alikuwa akipita miguu mitupu juu ya sakafu ya maji, akashika kabati kisha akashika amplifaya. Akarudisha mkono upesi, akasema, "Baba, redio inauma." Watu wazima wakacheka. Mimi sikucheka. Nalifanya jambo ambalo simshauri mtu kulifanya: niligusa lile bati kwa mgongo wa vidole. Nalihisi mchonyoto kama siafu wengi wadogo. Nikamwambia, "Mjomba, tafadhali zima." Akanitazama, akaona sitanii, akazima.

Hapa naomba niuache mkono wangu juu ya bati lile, nieleze kwanza jinsi muziki unavyosafiri katika waya, ili msomaji aone kwa nini kimya kile kilitudanganya.

Muziki wa intaneti hausafiri kama sauti. Husafiri kama hesabu. Katika diski ya kawaida sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, kwa upande wa kulia na wa kushoto, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Ukizidisha utapata biti 1,411,200 kwa sekunde. Waya wa mtandao wa kawaida kabisa hubeba biti 100,000,000 kwa sekunde, kwa hiyo mzigo huo kwake ni kama gunia moja katika lori. Hesabu hizo hufungwa katika vifurushi, na kila kifurushi hubeba mwishoni biti 32 za kukihakiki. Kikifika na kosa hutupwa. Na kwa namna nyimbo hizi zinavyopelekwa, kingine huombwa mahali pake. Kipokezi nacho huweka akiba ya muziki mbele, ya sekunde kadhaa au zaidi, na hucheza kwa saa yake chenyewe, bila kufuata mwendo wa waya.

Ni kama barua iendayo kwa basi kutoka Kampala mpaka Gulu. Basi litatikisika, litapita mashimo, kondakta atapiga kelele njia nzima. Lakini barua ikifunguliwa, maneno yake ni yale yale, mtikisiko wa basi haukugeuza "mpendwa" kuwa "mchokozi." Na barua ikichanika njiani, huandikwa nyingine. Mtu akikuambia kwamba waya wa bei kubwa hufanya gita lisikike tamu zaidi, ni sawa na kukuambia kwamba basi jipya hufanya barua iwe na lugha nzuri zaidi.

Tena waya wa kawaida si mnyonge kama unavyotangazwa. Ndani yake mna nyuzi zilizosokotwa mbili mbili. Hila hiyo ni ya zamani, kwani Alexander Graham Bell aliipatia hataza mwaka 1881 kwa ajili ya simu. Kelele ya nje huziingia nyuzi zote mbili sawasawa, na kifaa kipokeacho huangalia tofauti baina yao tu, kwa hiyo kelele hujifuta. Zaidi ya hayo, katika kila tundu la mtandao mna transfoma ndogo zinazotenga umeme wa upande huu na wa upande huu. Kanuni za mtandao huu, ambao ulianza kubuniwa na Robert Metcalfe na David Boggs kule Marekani mwaka 1973, zataka utengano huo uweze kustahimili volti 1,500 kwa dakika moja. Umeme wa ukutani, wenye volti 240, hauwezi kupita hapo kwa njia ya nyuzi za habari.

Sasa utaniuliza, "Kama ndivyo, mbona mvumo ulikwisha waya ulipobadilishwa?" Swali zuri. Nami nililala nalo usiku kucha.

Jibu limo katika ganda la waya. Ule waya wa kwanza wa Mjomba ulikuwa wa aina yenye ganda la chuma chini ya plastiki, na vichwa vyake ni vya bati. Ganda hilo halipiti katika transfoma. Huunganisha bati la kifaa hiki na bati la kifaa kile moja kwa moja, kama mnyororo. Kwa hiyo amplifaya ilikuwa imeungwa na kipokezi kwa waya wa sauti, kipokezi kimeungwa na swichi kwa ganda la waya wa mtandao, na swichi vivyo hivyo na kompyuta ya chumba cha pili, ambayo plagi yake ya meno matatu ilikuwa na waya wa ardhi mzima. Ule waya mpya wa fedha nyingi ganda lake lilikuwa limeungwa upande mmoja tu. Ulipofungwa, mnyororo ulikatika.

Tulichukua mita ya umeme niliyoazimwa na jirani. Tulichomoa kamba ya nyongeza iliyolisha amplifaya, tukapima toka jino la ardhi la plagi mpaka tundu la ardhi la soketi. Mita haikulia. Tulipofungua plagi tukaona ule uzi wa kijani na manjano umekatwa, umekunjwa, umefungwa utepe mweusi vizuri sana. Ndiyo kazi ya nusu saa aliyoifanya yule fundi.

Wasomaji wapenzi, angalieni mambo yalivyokuwa. Amplifaya ya chuma haikuwa na ardhi yake yenyewe. Ndani ya vifaa vya namna hii mna kapasita ndogo za kuchuja umeme, na kwa njia yake umeme kidogo huvuja kila wakati mpaka kwenye bati. Bati likikosa ardhi huelea karibu na nusu ya volti za ukutani, ingawa kwa mkondo mdogo sana, chini ya miliampia moja. Mvujo ule ulitafuta ardhi, ukaipata kwa njia ya waya wa sauti na ganda la waya wa mtandao mpaka kwenye kompyuta. Ulipopita katika ganda la waya wa sauti ndipo spika zilipouimba kama mvumo. Kumbe uzi ule mwembamba wa mtandao ndio uliokuwa ukifanya kazi ya waya wa ardhi! Na tulipofunga waya wa fedha nyingi tukakata hata njia hiyo. Mvumo ukaisha, na mtoto akaumwa na redio.

Mchonyoto peke yake hauui mtu. Lakini hebu fikiri siku ambayo uzi mmoja ndani ya amplifaya utalegea na kugusa bati. Kwa waya wa ardhi mzima, mkondo mkubwa hukimbilia ardhini, fyuzi huungua, mambo huisha kwa giza na lawama. Bila waya wa ardhi fyuzi haiungui. Bati hukaa na volti 240 likingoja mkono. Mkono huo ungeweza kuwa wa mtoto wa miaka mitano, juu ya sakafu ya maji. Mjomba alikuwa tayari kulipa fedha nyingi apate kimya, na kimya hicho kingekuwa cha hatari kuliko kelele aliyokuwa akiikimbia.

Fundi wa pili, mwenye leseni, aliita Jumamosi, akaunga waya wa ardhi, akapima na fimbo ya shaba iliyofukiwa nje ya nyumba. Kisha tukafanya jaribio ambalo lilinifundisha kuliko kipindi kizima cha darasani. Tulirudisha ule waya wa zamani wenye ganda la chuma. Mara ngurumo nene ikarudi, kubwa kuliko mvumo! Mjomba akashika kichwa. Lakini sasa nilielewa. Amplifaya ilikuwa na ardhi yake, na kompyuta ya chumba cha pili ina ardhi yake, na ganda la waya lilifunga duara baina yao. Ardhi za soketi mbili hazilingani kamwe kabisa. Tofauti ndogo husukuma mkondo kuzunguka duara hilo, na spika hunguruma kwa mitetemo 50 ya umeme wa ukutani na mafungu yake. Hii ndiyo ngurumo aliyoikuta fundi wa kwanza. Alijua lazima duara likatwe. Kosa lake ni kulikata mahali pa kulinda maisha badala ya mahali pasipo na hatari.

Tukalikata mahali pake. Nilileta waya wa kawaida usio na ganda la chuma, wenye vichwa vya plastiki, ulioandikwa UTP ubavuni, ambao bei yake haizidi chakula cha mchana cha watu wawili. Tukaufunga. Kimya. Bati la amplifaya tukalipima: hapana volti. Muziki ukapigwa, magita yakalia kama kawaida yao.

Mjomba ni mwungwana, lakini si mtu wa kushindwa upesi. Akasema, "Sawa, ngurumo imekwisha. Lakini utamu je? Masikio yangu yaliuona utamu katika waya ule mwingine." Nikamwomba tupime. Alikaa kitini akiangalia dirisha, mimi nikakaa nyuma ya kabati. Kila mara nilirusha sarafu kuchagua waya, nikazichomoa na kuzichomeka nyaya kwa kelele ile ile, kisha akasikiliza kipande kile kile cha wimbo na kuandika ni waya gani. Tulifanya mara 10. Kwa kubahatisha tu mtu hupata 5 au karibu na hapo, na kupata 8 au zaidi hutokea mara 56 tu katika 1,024. Mjomba alipata 6. Alitazama karatasi kitambo, akacheka mwenyewe, na Jumatatu akaurudisha waya dukani kwa shukrani. Karo yangu ikalipwa siku yake.

Lakini sitaki niwe kama yule anayeona jani moja akasema ameujua msitu. Wasemao kwamba kelele zaweza kupitia waya wa mtandao hawasemi uongo mtupu. Zile transfoma hutenga vizuri umeme wa mitetemo ya chini, lakini kelele za mitetemo ya juu sana, zitokazo kwa mfano katika adapta za bei rahisi, huweza kuruka kidogo baina ya mizunguko yake na kuambaa juu ya waya mpaka kwenye kipokezi. Kipokezi kilichoundwa vizuri huzizuia. Kilichoundwa vibaya pengine huzikaribisha mpaka mahali hesabu zinapogeuzwa kuwa sauti, na hapo ndipo penye udhaifu, maana kutoka hapo mbele sauti haina tena biti za kuihakiki. Mimi sikatai kwamba ugonjwa huo upo. Nasema uthibitishwe kabla ya kununuliwa dawa, na ianze dawa ya bei nafuu.

Kwa ajili ya wazee wetu waliomaliza hapa na wenye vifaa vya namna hii nyumbani, nitaandika utaratibu tulioufuata, kama nilivyouandika katika daftari langu.

Kwanza, punguza sauti mpaka mwisho. Ngurumo ikibaki ile ile, basi iko katika amplifaya yenyewe au umeme wake; kipokezi na mtandao havina hatia. Pili, ondoa simu ya mkononi karibu. Ule mlio wa tititi-tititi unaoingia redioni kabla simu haijaita watoka kwa simu za mtandao wa zamani wa 2G, ambazo hurusha mawimbi kwa vipande karibu 217 kwa sekunde, na nyaya za sauti huyadaka. Wako watu waliolaumu mtandao wa nyumbani na kumbe simu iko juu ya spika.

Tatu, wimbo ukiwa unapigwa, chomoa waya wa mtandao. Muziki utaendelea kwa muda kwa sababu ya ile akiba. Sikiliza: kelele ikiendelea vile vile, waya wa mtandao hauna neno. Ikikoma, usikimbilie dukani. Jua tu kwamba kuna mkondo uliokuwa ukipita katika waya ule, na ujiulize mkondo huo ulikuwa ukitafuta nini. Nne, jaribu waya wa UTP badala ya wenye ganda. Tano, kama kipokezi chatumia volti 5, kiwashe kwa betri ya kuchajia simu badala ya adapta. Kelele ikikoma, adapta ndiyo mwenye kosa, na adapta njema si ghali.

Sita, vifaa vyote vya muziki vilishwe kutoka soketi moja, kwa kamba moja ya nyongeza yenye ardhi iliyopimwa. Vikikaa pamoja hivyo duara huwa dogo, na tofauti ya ardhi huwa haipo kabisa au ni ndogo sana. Baada ya hayo yote, kelele ikizidi kusumbua, kipande cha feraiti cha kubana juu ya waya hupunguza mitetemo ya juu. Na dawa ya mwisho ni waya wa kioo, au faiba, pamoja na vigeuzi vyake viwili. Kioo hakipitishi umeme hata kidogo, hupitisha nuru. Wazo la kupeleka habari mbali kwa nuru ndani ya kioo lilipata nguvu kwa andiko la Charles Kao na George Hockham mwaka 1966, na Kao akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Hakuna waya wa shaba, hata ukisokotwa nyuzi za fedha, unaoweza kutenga umeme kama uzi wa kioo. Wala si lazima kununua hata hicho: palipo na Wi-Fi nzuri hakuna waya wa kuunga bati na bati.

Lakini jambo moja nalisema kwa sauti kubwa: usikate waya wa ardhi, wala usimruhusu fundi akukatie, hata kama ngurumo itakoma dakika ile ile. Na kama nyumba yako haina ile swichi ya usalama inayokata umeme inapohisi miliampia 30 zimepotea njia, iweke hiyo kabla ya kununua waya wa mapambo. Kazi ya ubaoni ni ya fundi mwenye leseni, si yangu wala yako.

Kwenu wanafunzi wenzangu nina neno moja. Sisi twajua kukariri kanuni ya Ohm usiku wa mtihani. Twajua kuchora plagi ya meno matatu na kupaka uzi wa ardhi rangi ya kijani na manjano, tukapata alama kamili. Lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kuuliza kama uzi ule upo kweli nyumbani kwao? Mimi mwenyewe nilichora picha ile mara nyingi, nikakaa miaka katika nyumba ya Mjomba kila likizo, wala sikuuliza, mpaka mtoto wa miaka mitano aliponiuliza kwa njia yake. Elimu isiyotoka daftarini ikaingia nyuma ya kabati ni kama taa iliyofunikwa pishi.

Wako watakaosema kwamba si adabu kijana kumpinga mkubwa wake ndani ya nyumba yake. Nami nakubali kwamba adabu ni nguo ya kijana. Lakini sikumpinga Mjomba kwa maneno. Nilimwomba tupime pamoja, na mita haina umri wala cheo. Yeye mwenyewe aliniambia nilipokuwa nikiondoka kurudi shuleni, "Mpwa wangu, tangu leo kitu kikinguruma katika nyumba hii, hatukinyamazishi mpaka kimetuambia shida yake."

Nami nawaachieni neno hilo hilo, Bwana Mhariri na wasomaji wote. Kikulacho ki nguoni mwako. Mara nyingi kelele tunayoidhania kuwa imetoka mbali kwa njia ya mtandao imo humu humu ndani ya ukuta wetu. Mtu akipinga maoni yangu, na ajibu katika toleo lijalo, ila namwomba apime kwanza.

Wasalaam,

Mimi mwanafunzi wa Kidato cha Sita